Nyaya za Stima Juu ya Ploti Yangu: Nani Alipe Reti?

Swali: Nina ploti ya hamsini kwa mia huko Kasarani. Upande wa nyuma panapita nyaya kubwa za stima, na nimeambiwa nisijenge chini yake. Hata hivyo kaunti hunitoza reti ya ploti nzima kila mwaka. Kwa jirani kumesimamishwa mnara wa simu. Je, kampuni hizi hulipia nguzo, nyaya na minara yao jinsi ninavyolipia ardhi yangu? Kama hazilipi, kwa nini mimi nilipe? – Mama wa Kasarani

Mama, pokea jibu fupi kwanza. Kwa jinsi reti inavyopimwa Nairobi, nyaya zile na mnara ule hazimo katika hesabu. Kampuni hulipa kodi nyingine, tena nyingine ni nzito, lakini reti unayolipa wewe haizigusi nyaya. Hata hivyo, usiache kulipa. Nitakueleza kwa nini, na pia nitakuonyesha mahali ambapo pesa zako hasa zimepotelea, kwa maana nadhani unalalamikia hasara ndogo na kuiacha kubwa.

Reti ni kodi ya ardhi ya kaunti. Katiba ya 2010, Ibara ya 209, inazipa kaunti uwezo wa kuitoza. Usiichanganye na kodi ya pango ambayo mwenye hati ya kukodishiwa ardhi huilipa serikali kuu. Hizo ni bili mbili, za afisi mbili, na ninaona watu wengi wakilipa moja na kudhani wamemaliza.

Kwa miongo mingi Nairobi ilitumia daftari la uthamini, yaani orodha ya thamani za ploti, la mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kiwango kilifika hadi asilimia 34. Kiwango hicho kiliwashtua wengi, lakini kilikuwa asilimia 34 ya bei ya zamani kabisa. Ploti iliyoandikwa shilingi 30,000 katika daftari lile ilidaiwa 10,200 kwa mwaka, hata kama sokoni ingeuzwa kwa mamilioni. Daftari jipya likatayarishwa mwaka 2019, na Sheria ya Fedha ya Kaunti ya 2023 ikaweka asilimia 0.115 ya thamani mpya. Kwa hiyo ploti yenye thamani ya shilingi milioni 10 hudaiwa 11,500 kwa mwaka.

Sasa tazama neno "thamani" hapo. Ni thamani ya ardhi tupu. Mthamini anapopita mtaani kwenu hahesabu nyumba. Jumba la ghorofa kumi na kibanda cha mabati vikikaa kwenye ploti zinazolingana, vitadaiwa reti sawa. Msingi huu ni wa zamani, na mimi binafsi naupenda. Unamfanya anayeficha ardhi mjini bila kuiendeleza alipe sawa na aliyejenga, wala hauwaadhibu wanaojenga. Kwa wenye nyumba za kawaida unafanya kazi nzuri.

Unapowafikia wenye mitandao ndipo unapokwama. Kampuni ya stima haina utajiri wake katika ardhi. Utajiri wake uko katika maelfu ya kilomita za nyaya, nguzo, transfoma na vituo vidogo. Ardhi inayopitiwa na nyaya hizo ni yako, ni ya jirani yako, ni ya barabara. Kwa ploti ambazo kampuni inazimiliki yenyewe, yaani afisi, maghala na vituo, yenyewe ni mlipa reti kama wewe. Lakini ukipima ardhi tupu peke yake, mtandao wote uliobaki unakuwa sufuri. Mnara wa jirani yako ni vivyo hivyo: ploti inathaminiwa kama uwanja, reti inatumwa kwa jirani, na chuma kilichosimama pale hakiongezi hata shilingi moja. Kampuni ya mnara humlipa jirani kodi ya nafasi na kuilipa kaunti vibali. Reti haimo.

Sheria ya zamani ya reti haikuilazimisha kaunti ibaki hivyo. Iliruhusu tangu miaka ya sitini kutoza reti ya ardhi pamoja na reti ya maendelezo, yaani vilivyojengwa juu yake. Halmashauri zetu ziliepuka njia hiyo kwa sababu kuthamini majengo ni kazi ghali, inayotaka wathamini wengi na kumbukumbu safi. Mwishoni mwa 2024 nchi ilipata sheria mpya ya kitaifa ya reti ambayo imechukua nafasi ya zile za kale. Ninatarajia mambo mengi mema kutoka kwake, lakini sheria haithamini transfoma. Watu ndio huthamini.

Kwa kuwa reti haizifikii nyaya, kaunti zimetafuta mlango wa pembeni: ada. Ada ya kila nguzo, ada ya kila mita ya waya unaopita kando ya barabara, ada ya kuchimba mtaro wa kebo. Huandikwa katika sheria ya fedha ya kaunti, kila kaunti na bei yake. Nayo Sheria ya Nishati ya 2019 inazuia chombo cha umma kutoza miundombinu ya umma ya nishati bila idhini ya waziri. Kaunti zinasema Katiba iko juu ya sheria hiyo, kampuni zinasema hakuna idhini, na madeni yanazidi kupanda katika vitabu vya pande zote mbili.

Ulishuhudia mwisho wa hayo. Februari 2025 Kenya Power ilikata stima katika afisi za Kaunti ya Nairobi kwa sababu ya bili ambazo ilisema zimefika karibu shilingi bilioni 3. Kaunti ikajibu kwamba ni yenyewe inayodai, karibu bilioni 5, za ada za njia ya nyaya. Kisha malori ya taka yakaja kumwaga takataka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Mimi niliona uchungu mkubwa. Hawa wote wawili ni wa umma: kaunti ni yetu, na serikali ina asilimia 50.1 ya hisa za kampuni ile. Suala la uthamini, ambalo wataalamu wangelimaliza mezani kwa daftari na kalamu, liliishia kuwa uvundo barabarani, na wauza chai na wapita njia wa pale ndio waliovuta harufu.

Utaniuliza: basi si kaunti iko sahihi kudai? Kwamba mwenye mtandao anatumia nafasi ya mji na anapaswa kuilipia, hapo kaunti iko sahihi kabisa. Barabara inachimbwa, miti inakatwa, mtu kama wewe anazuiwa kujenga, na kodi ya faida ya asilimia 30 ambayo kampuni hulipa huenda serikali kuu, si City Hall, makao ya kaunti. Kaunti hupata mgao wake baadaye, pamoja na kaunti zote, bila kujali nyaya zimepita wapi. Hoja hiyo ina nguvu.

Ninachopinga ni namna ya kutoza. Ada ya kila nguzo haiulizi nguzo ina thamani gani wala inaleta mapato gani. Nguzo ya mbao inayopeleka stima kwa nyumba tatu kijijini hutozwa sawa na nguzo inayolisha kiwanda. Wewe hutozwi reti kwa idadi ya vigingi vya ua wako. Unatozwa kwa thamani. Anayetaka usawa kati yako na kampuni aanze hapo: kipimo kimoja, nacho kiwe thamani.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda haki hawalipendi, lakini ni lazima nikuambie. Kampuni ya stima haijipangii bei. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ndiyo hupitisha bei ya uniti, nayo hutazama gharama halali za kutoa huduma. Kodi na ada ni gharama. Zikipanda, kampuni huomba zitiwe katika bei, na mara nyingi ombi hilo lina msingi. Ukinunua tokeni leo, ujumbe unaokuja kwenye simu unaonyesha pesa zako zilivyogawanywa: kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, kuna asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini, kuna tozo nyingine ndogondogo. Ada ya nguzo ikikubaliwa bila mpaka, itaingia humo humo.

Tena haitamwangukia mkazi wa Nairobi peke yake. Bei ya stima ni moja nchini kwa wateja wa kundi moja. Nairobi ikiikamua kampuni mabilioni kwa ada, mama wa Busia anayewasha balbu mbili atachangia ukarabati wa barabara ya Kasarani kupitia tokeni zake. Na kaunti yenye nyaya chache, ambayo ndiyo maskini, itapata kidogo. Hilo nalo si haki, hata kama lilianza kwa nia ya haki.

Wengine wamepitia njia hii kabla yetu. Mfano ninaoupenda ni California, jimbo la Marekani, kwa sababu wamejaribu karibu kila kitu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910 wapiga kura wa huko walikubali kuzitenga reli, simu, gesi na umeme kutoka kodi ya mali ya mitaa. Kampuni zikawa zinalipa jimbo asilimia fulani ya mapato yao ghafi badala ya kulipia mali. Wazo lilikuwa kwamba asilimia hiyo ilingane na mzigo wa mwenye shamba na nyumba. Ilionekana rahisi, ila mzigo wa mwenye nyumba ulikuwa ukibadilika kila mwaka, na asilimia ya kampuni ilibaki palepale hadi bunge liibadilishe. Wenye mashamba wakalalamika kwamba wao wanabeba zaidi, kampuni zikaapa kwamba ni zenyewe, na kila baada ya miaka michache wakarudi kulinganisha vitabu. Mwaka 1921 bunge likapandisha asilimia hizo baada ya mvutano mkali. Mwaka 1933 wakachoka: mali ya kampuni ikarudishwa katika kodi ya mitaa, ila ikithaminiwa na bodi moja ya jimbo, inayoutazama mtandao mzima kama kitu kimoja, kisha thamani hiyo hugawanywa kwa mitaa.

Hilo la mwisho ndilo funzo langu. Waya uliokatwa vipande vipande hauna thamani. Mita kumi zilizo juu ya ploti yako ni chuma chakavu tu. Thamani yake inatokana na kuunganishwa na bwawa upande mmoja na sebule yako upande mwingine. Ndiyo maana mthamini wa kaunti moja hawezi kuuthamini vizuri hata akiwa hodari. Ni lazima chombo cha kitaifa kiuthamini wote, kisha kigawe.

California pia inatuonyesha upande wa pili. Mwaka 1978 wapiga kura waliweka kikomo: kodi ya mali isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani ya kodi isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali iuzwe. Nyumba, maduka, hata viwanda vikapata kinga hiyo. Mitandao inayothaminiwa na jimbo haikuipata ile ya pili: hupimwa upya kila mwaka kwa bei ya soko. Basi kule, tofauti na kwetu, kampuni ya umeme ndiyo inayobeba zaidi ikilinganishwa na mwenye nyumba wa siku nyingi. Ila kiwango chake nacho kilishuka mwaka ule, na mdhibiti wa huduma akazitaka kampuni ziwarudishie wateja nafuu hiyo katika bili. Kodi ya kampuni yenye bei iliyodhibitiwa husafiri mpaka kwa mteja, ikipanda na ikishuka.

Karibu zaidi, Tanzania ilichukua njia nyingine tangu Julai 2021: kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, mita ya umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, kisha mwaka 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Kukusanya ni rahisi mno. Lakini huko Dar es Salaam nyumba ya vyumba viwili ya Mbagala, mtaa wa kawaida, hulipa sawa na nyumba kubwa isiyo na ghorofa ya Masaki, mtaa wa matajiri, na mpangaji akinunua umeme ndiye anayekatwa, mpaka amkumbushe mwenye nyumba amrudishie. Wepesi wa kukusanya umenunuliwa kwa haki ya kipimo, na mimi nisingependa tuige hilo.

Ningependa nini basi? Ningependa mitandao ya stima, simu, mabomba ya mafuta na maji ithaminiwe kitaifa kwa kipimo kilichochapishwa, na asilimia ya kodi iwe ileile inayotozwa wenye ardhi au karibu nayo. Mgawo kwa kaunti uandikwe katika sheria, ili kaunti isiwe na sababu ya kubuni ada ya nguzo. Tayari tuna mfano wetu wenyewe: Sheria ya Nishati imegawa mrabaha wa mvuke wa ardhini, asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali hapo. Mtu anaweza kulalamika kwamba 20 ni ndogo, lakini angalau kila mmoja anajua fungu lake, na hakuna anayemwagiwa taka. Na kodi hiyo ikishaingizwa katika bei ya stima, ionekane kwa jina lake kwenye ujumbe wa tokeni, ili mteja ajue analipia nini na amuulize nani.

Serikali kuu nayo ianze kulipa. Kwa ardhi ya umma iliyomo mijini inapaswa kutoa mchango badala ya reti, na kaunti, Nairobi ikiwemo, zimedai malimbikizo hayo miaka nenda miaka rudi. Ni vigumu kumwambia mama wa Kasarani alipe kwa wakati ilhali mdaiwa mkubwa kuliko wote anachelewesha.

Sasa tuje kwenye ploti yako. Laini kubwa, kwa mfano ya kilovolti 132, huhitaji njia ya upana wa mita 30 ambamo hairuhusiwi kujenga. Tuseme njia hiyo imekula futi 20 za nyuma katika zile futi 100. Hiyo ni sehemu moja kwa tano ya ploti. Ikiwa ploti ni ya milioni 10, kipande hicho ni cha milioni 2. Tukichukulia kwamba kimepoteza nusu ya thamani kwa sababu unaweza kulima sukuma wiki lakini huwezi kujenga, umepoteza milioni 1. Reti ya hiyo milioni 1 ni shilingi 1,150 kwa mwaka.

Linganisha hesabu hizo mbili. Unakasirikia 1,150 na haki yako ya kuikasirikia ipo, lakini milioni yenyewe iko wapi? Sheria inataka kampuni itafute idhini ya mwenye ardhi kabla ya kupitisha nyaya, na Ibara ya 40 ya Katiba inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila fidia ya haki. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kufanya upekuzi wa hati, kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali, au katika afisi ya ardhi. Rejista ina sehemu tatu: A ni maelezo ya ardhi, B ni mwenyewe, C ni vikwazo. Soma sehemu C. Kama haki ya njia ya nyaya imesajiliwa pale, yaelekea fidia ililipwa, pengine kwa aliyekuuzia, na wewe ulinunua ardhi pamoja na kizuizi chake. Ulipaswa kuipata kwa bei ya chini. Kama hakuna kitu, andikia kampuni yenye laini barua, uombe nakala ya idhini iliyosainiwa. Wasipokuwa nayo, tafuta wakili na mthamini aliyesajiliwa, kwa sababu hapo una dai la kweli.

Kwa upande wa reti, mpelekee mthamini wa kaunti ramani ya ploti ikionyesha njia ya nyaya, na uombe kipande hicho kipunguziwe thamani. Ardhi hupimwa kwa bei ambayo mnunuzi mwenye habari kamili angeitoa, na mnunuzi wa namna hiyo huinua macho akaziona nyaya. Daftari jipya likitangazwa, nenda ulikague. Muda wa kupinga huwa mfupi, chini ya sheria ya zamani ulikuwa siku 28, basi soma tangazo lenyewe na utazame tarehe.

Na kulipa, endelea kulipa. Reti isiyolipwa huzaa riba na adhabu, na bila cheti cha kutodaiwa reti hutaweza kuhamisha hati siku utakapotaka kuuza au kumpa mtoto. Pingamizi lako litasikizwa vizuri zaidi kama risiti zako zote zimo ndani ya faili. Zitoe nakala, uziambatishe na ile ramani, na upeleke vyote pamoja kabla ya mwaka wa fedha kwisha mwezi wa Juni, maana viwango vya mwaka unaofuata hupangwa katika majira hayo na kaunti hutakiwa kuwaita wananchi watoe maoni. Ukienda, usiende peke yako. Laini ile haikupita kwako tu, nami nina hakika wenzako wa mtaa mzima wana swali kama lako.